Mifupa Miwili Iliyolala Mzungu wa Nne: Kupapasa Viungo vya Kigasha Mkono Unapogeuka

Inua mkono wako wa kushoto mbele yako, kiganja kikitazama chini. Upande wa kidole cha mwisho, kabla tu ya kifundo cha mkono, utaona nundu ya mfupa, mviringo kama gololi iliyofichwa chini ya ngozi. Iguse kwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia na usiiachie. Sasa geuza mkono taratibu hadi kiganja kitazame dari. Gololi imeyeyuka chini ya kidole chako. Mahali pake umebaki na ncha nyembamba ya mfupa, au huhisi kitu ila kano.

Nundu imekwenda wapi? Nimewauliza wanafunzi wengi wa fiziotherapia, na jibu la kwanza karibu kila mara ni lile lile: imezunguka, imehamia upande wa pili. Haikuhama. Mfupa huo umebaki karibu pale pale ulipokuwa. Uliozunguka ni jirani yake, nao ndio uliokuja kuifunika ile sehemu uliyokuwa unaigusa. Mtu akilielewa hilo kwa vidole vyake mwenyewe, si kwa picha ya kitabuni, kigasha chote humfungukia. Asipolielewa, anaweza kupapasa mikono ya wagonjwa miaka kumi bila kujua anagusa nini.

Kwanza tuelewane maneno. Kigasha ni kipande cha mkono kati ya kiwiko na kifundo. Neno kiwiko lenyewe lina utata, maana wapo wanaoita hivyo kiungo kilicho karibu na kiganja; mimi hapa nalitumia kwa maana ya kisugudi, pale mkono unapokunjia. Na mageuzo mawili ya kigasha, yale ambayo madaktari huyaita kwa maneno yenye asili ya Kilatini, sisi tuna majina yake tayari, kwa sababu Kilatini hicho hakisemi zaidi ya tunayoyasema kila siku juu ya mtu aliyelala: chali na kifudifudi. Mkono chali ni ule wa mtu anayeomba dua, viganja juu. Mkono kifudifudi ni ule wa mtu anayekanda unga. Mlo mmoja wa ugali una mageuzo hayo makumi kwa makumi: vidole vinashuka kifudifudi kumega tonge, kisha kigasha kinageuka kuelekea chali ili tonge lifike kinywani. Kukuna nazi kwenye mbuzi, kukamua shuka, kufungua kitasa, kukaza skrubu, yote hayo ni kazi ya kigasha kinachogeuka.

Ndani ya kigasha mna mifupa miwili. Alna iko upande wa kidole cha mwisho, radiasi upande wa gumba. Imelala mzungu wa nne, kama ndugu wawili kwenye kitanda kimoja: kichwa cha radiasi kiko kiwikoni, kichwa cha alna kiko kifundoni. Alna ni nene juu, pale inapoukumbatia mfupa wa mkono wa juu mithili ya spana, na huwa nyembamba kadiri inavyoshuka. Radiasi ni kinyume chake, nyembamba juu na pana chini, nayo ndiyo inayobeba kiganja. Ndiyo maana radiasi ikizunguka kiganja hakina budi kuifuata. Mkono ukiwa chali, mifupa hii imekaa sambamba. Ukiwa kifudifudi, radiasi imekatiza mbele ya alna kama herufi X.

Hili nalo usilichukue kwa kuambiwa. Tafuta ncha ya kiwiko chako, ile unayoiegemeza mezani. Kutoka hapo teremsha kidole kando ya kigasha kuelekea kidole cha mwisho. Utafuata ukingo mkali wa mfupa usiofunikwa na msuli, moja kwa moja hadi kifundoni. Huo ndio mgongo wa alna. Weka vidole vitatu juu yake, katikati ya kigasha, kisha geuza kiganja juu na chini mara kadhaa. Ngozi itateleza, misuli ya pembeni itajaa na kulegea, lakini ukingo wenyewe unatulia. (Kwa ukweli kamili, alna nayo huyumba kidogo unapogeuza mkono kama anayezungusha ufunguo, lakini ni kuyumba, si kuzunguka.) Jaribu kufanya vivyo hivyo upande wa gumba, karibu na kifundo, na utahisi mfupa mzima ukikimbia chini ya vidole.

Mifupa hii inakutana juu, karibu na kiwiko, na chini, karibu na kifundo. Katikati imeunganishwa na utando mgumu unaokwenda karibu urefu wote wa kigasha. Kwa mchoraji hivyo ni viungo viwili. Kwa anayepapasa, ni kiungo kimoja chenye ncha mbili. Fikiria mlango na bawaba zake: bawaba ya juu ikipinda, mlango unakwaruza sakafuni, na ukishughulika na sakafu peke yake hutautengeneza mlango huo kamwe. Mstari ambao radiasi huuzunguka unaanzia katikati ya kichwa chake huko kiwikoni na kutokea kwenye kichwa cha alna huku kifundoni. Mstari ni mmoja, kwa hiyo kasoro ya ncha moja huonekana kwenye ncha nyingine.

Tuanze juu, maana hapo ndipo wengi hukosea.

Mgonjwa akae, kiwiko kikunjwe nyuzi 90 na kibanwe ubavuni. Kubana ubavuni si adabu tu. Kiwiko kikiachwa huru, bega litasaidia: mtu asiyeweza kulaza mkono kifudifudi atainua kiwiko pembeni, na kiganja kitatazama chini vizuri kabisa wakati kigasha hakijageuka hata nusu. Nimeona vipimo vilivyoandikwa "sawa" kwenye faili la mgonjwa ambaye hakuweza kumimina chai bila kuinua bega zima.

Tafuta nundu ya nje ya kiwiko, ile iliyo upande wa gumba mkono ukiwa chali. Hiyo ni ya mfupa wa mkono wa juu. Sasa sogea kama sentimita mbili kuelekea kifundoni. Kidole kitatumbukia kwenye mfereji mdogo, ambao ndio mwanya wa kiungo, kisha kitapanda tena juu ya ukingo wa mfupa. Hapo ndipo penye kichwa cha radiasi. Weka gumba lako nyuma yake na kidole cha shahada mbele yake, kwa nyama laini ya vidole na si kwa kucha. Kwa mkono wako wa pili shika sehemu ya chini ya kigasha cha mgonjwa, usishike kiganja, kwa sababu kifundo nacho kina ulegevu wake wa kuzunguka na kitakudanganya. Mwambie asikusaidie, aulegeze mkono. Geuza polepole.

Kama uko mahali penyewe, utahisi kitu kama kizibo cha chupa kinachozungushwa chini ya kitambaa. Kinazunguka papo hapo, hakisafiri. Na kwa kuwa kichwa hicho si duara kamili bali kimerefuka kidogo, gumba lako litasukumwa nje kiasi kidogo sana na kurudishwa. Mara ya kwanza huwezi kulihisi hilo. Mara ya ishirini utashangaa ulikuwa unalikosaje.

Kosa la kawaida ni kubaki kwenye ile nundu ya nje na kuidhania ndiyo kichwa cha radiasi. Tiba ya kosa hili ni kugeuza mkono: mfupa usiozunguka siyo radiasi. Kosa la pili ni kubonyeza kwa nguvu. Misuli inayonyanyua vidole na kifundo imepita juu ya hapo, na ukiibonyeza inakaza, kisha unachohisi kikitembea ni msuli na ngozi. Gusa kama unayeangalia embe limeiva au bado.

Kinachokizuia kichwa hicho kisichomoke ni ukanda imara uliokizunguka kama pete. Umeshikwa kwenye alna pande zote mbili, nao hufanya takribani sehemu nne kwa tano za duara. Iliyobaki ni kishimo kwenye alna yenyewe. Ukanda huo huwezi kuugusa ukautofautisha na vinginevyo. Unajua upo kwa sababu kichwa kinatulia.

Kabla hujaondoka kiwikoni, gusa pembetatu iliyo kati ya nundu ya nje, ncha ya kiwiko na kichwa cha radiasi. Kwa kawaida ni bonde laini. Kiungo kikijaa maji au damu, bonde hujaa. Mtu aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda akajikinga kwa kiganja, akiwa na bonde lililojaa, kiwiko kisichonyooka mpaka mwisho, na maumivu makali gumba lako linapokuwa juu ya kichwa cha radiasi kigasha kikigeuka, huyo anahitaji picha ya eksrei na si kuchuliwa. Nasisitiza hili kwa sababu mikono mingi hufika kwetu ikiwa imeshakandwa kwa mafuta ya moto wiki mbili.

Sasa shuka kifundoni, kwenye ile gololi yetu.

Chini mambo yamegeuka. Kule juu kichwa cha radiasi kilizunguka ndani ya pete. Huku chini kichwa kinatulia, na ni radiasi yenye kishimo inayoteleza kukizunguka, kama mwiko unavyofuata ukuta wa sufuria. Mkono ukiwa kifudifudi, sehemu ya mbele ya kichwa cha alna inaachwa wazi nyuma ya kifundo, na hiyo ndiyo gololi unayoiona. Mkono ukiwa chali, radiasi na kano zake zimeifunika, na kinachobaki chini ya kidole ni ile ncha nyembamba iliyo kando ya kichwa.

Shika radiasi kwa mkono mmoja. Kwa mwingine bana kichwa cha alna kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha kisukume mbele na nyuma taratibu. Fanya hivyo mkono ukiwa katikati, gumba likitazama juu, halafu ukiwa chali kabisa, halafu kifudifudi kabisa. Katikati kuna mchezo kidogo, na ni halali yake. Kwenye miisho miwili mchezo hupungua, kwa sababu kano za kiungo zimekazwa. Kama mwishoni mwa mzunguko mfupa bado unacheza, kuna kitu kimechanika au kimelegea. Lakini usitoe hukumu kabla ya kupapasa mkono wa pili wa mtu huyo huyo. Wapo watu waliozaliwa na viungo vyepesi, na kilicho cha kutisha kwa mmoja ni cha kawaida kwa mwingine.

Kuna dalili iliyopewa jina la kinanda. Kichwa cha alna kimepanda juu, unakibonyeza kinashuka, unakiachia kinarudi, sawasawa na kibonyezo cha kinanda. Utaiona kwa waliovunjika kigasha zamani, na kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya muda mrefu. Kwa hawa wa pili iangalie kwa umakini wa pekee, kwa sababu kichwa kilichopanda na kukwaruzika huzisaga kano zinazopita juu yake. Siku moja mgonjwa anaamka na kidole cha mwisho kimeinama na hakiinuki. Kano imekatika bila ajali yoyote.

Kando ya ncha ya alna, upande wa kiganja, kuna kibonde kidogo kati ya ncha hiyo na kano nene inayoshuka kwenye kimfupa cha mviringo kilicho mwanzo wa kiganja. Bonyeza hapo kwa ncha ya kidole. Mtu mwenye jeraha kwenye gegedu la pembetatu, lile linalounganisha alna na radiasi na kifundo, ataruka. Kwenye kibonde hicho ndipo mzizi wa gegedu hilo ulipojishika, na ni karibu sana na pale mstari wa mzunguko unapotokea.

Na vipi kuhusu mlio? Wagonjwa wengi huja kwa sababu ya mlio wa "tak" wanapokamua nguo au kugeuza sufuria. Mlio peke yake, usio na maumivu, si ugonjwa. Ukiwa na maumivu, kazi ya vidole ni kujua unatoka wapi. Mara nyingi si kiungo kabisa. Nyuma ya kichwa cha alna kuna mfereji wenye kano, na ala ya kano hiyo ikilegea, kano huruka nje ya mfereji wake mkono unapogeuzwa chali huku kiganja kikielekezwa upande wa kidole cha mwisho. Weka kidole juu ya kano. Ikiruka, itakugonga kidole, na pengine utaiona kwa macho. Mkwaruzo wa kiungo hauruki hivyo. Unasikika kama mchanga kati ya vidole.

Nyuzi za mgeuko nazo zina maana yake. Kigasha kizima hufika kama nyuzi 80 chali na karibu kiasi hicho kifudifudi. Mwaka 1981 Bernard Morrey na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walipima watu wakifanya shughuli za kila siku na kuona kwamba nyingi hutosheka na nyuzi 50 kila upande. Mtu anaweza basi kupoteza sehemu kubwa ya mgeuko na asijue. Kinachomgutusha ni siku anapopokea chenji na sarafu zinamwagika, kwa kuwa kiganja hakilali chali.

Kwa nini nakazania ncha zote mbili? Kwa sababu historia ya kigasha ni historia ya ncha zilizosahauliwa. Mwaka 1814 Giovanni Battista Monteggia wa Milano alieleza jeraha ambalo alna imevunjika na kichwa cha radiasi kimechomoka kiwikoni. Mwaka huo huo Abraham Colles wa Dublin alieleza mvunjiko wa radiasi karibu na kifundo. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksrei mwaka 1895. Maana yake, watu hawa wawili hawakuwa na picha ya mgonjwa aliye hai. Walikuwa na macho, mgonjwa, na vidole. Mwaka 1934 Riccardo Galeazzi, naye wa Milano, akaeleza kinyume cha jeraha la Monteggia: radiasi imevunjika, na kiungo cha chini kifundoni kimeachana. Na mwaka 1951 mpasuaji wa Kiingereza Peter Essex-Lopresti akaeleza jeraha la hila kuliko yote: kichwa cha radiasi kimevunjika kiwikoni, utando wa katikati umechanika, na kifundo kimeathirika. Mgonjwa analia kiwiko, picha inapigwa kiwiko, kiwiko kinatibiwa. Radiasi inapanda juu kidogo kidogo, na miezi baadaye mtu huyo hawezi kugeuza mkono kwa maumivu ya kifundo ambacho hakuna aliyekigusa siku ya kwanza. Kukigusa kungechukua nusu dakika.

Panapoonekana wazi kwamba mfupa umepinda, kugeuza mkono si ruhusa. Gusa mapigo ya damu, mwambie achezeshe vidole, funga banzi, mpeleke hospitali yenye eksrei. Ukaguzi wa mzunguko ni wa mkono ambao kwa kuutazama tu unaonekana mzima.

Nimeacha watoto mwisho makusudi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi minne hivi, kichwa cha radiasi bado kidogo na ile pete bado laini. Mama amemshika kifundo, daladala imesimama, kondakta anapiga kelele, mama anamvuta apande. Pete inateleza na kubanwa juu ya kichwa cha mfupa. Mtoto analia mara moja, kisha anaacha mkono uning'inie, kiwiko kimekunjwa kidogo, kiganja kifudifudi. Hakuna uvimbe. Hakuna anayejua kilichotokea, na mama anahangaika akidhani mkono umepooza.

Mmoja wa hao nilimpokea jioni. Nilianza na mkono mzima, akacheka. Nikapapasa mfupa wa bega, kisha alna yote kwa kidole kimoja, kisha kifundo; hakujali. Gumba lilipofika juu ya kichwa cha radiasi, akakunja uso. Hakuwa ameanguka, mama alikuwa na uhakika wa hilo, na hilo swali lazima liulizwe kwanza. Nikaacha gumba pale pale, nikashika kigasha chini, nikakigeuza kifudifudi mpaka mwisho kwa mwendo mmoja. Chini ya gumba nikahisi "tak", ndogo kama karanga inapopasuka ganda. Akapiga ukelele.

Tukamwacha mapajani kwa mama yake. Muuguzi akaleta andazi, akalishika upande wa ule mkono mgonjwa, juu kidogo ya kichwa cha mtoto. Dakika saba au nane alilitazama tu. Kisha mkono ukanyooka, ukageuka chali, ukalipokea. Mama nikamwonyesha namna ya kumnyanyua kwa kumshika chini ya makwapa, na nikamwambia akifika nyumbani amwonyeshe na dada wa kazi, na kaka zake wanaopenda kumbembesha kwa mikono.